Umefunga giaboksi nyingine ya auto kwenye gari ya zamani na sasa inasumbua? Pitia hapa kabla hujaishusha tena

Hii ni kwa wenye Mark II, Chaser, Cresta na Crown za zamani, zile zinazosukuma kwa tairi za nyuma. Boksi iliyokuja na gari imekufa, umezunguka maduka ya spea ya Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) umekosa inayofanana nayo, ukauziwa A340E ya mtumba toka Japani mana ndo inayopatikana kirahisi, fundi akafunga, gari ikatoka gereji na sasa kuna kitu hakiko sawa. Nachotaka ukishike toka mwanzo ni kwamba kesi nyingi za namna hii boksi yenyewe ni nzima, ugonjwa uko kwenye vitu vinavyoizunguka: kebo, nyaya, sensa, oil na konveta (ile ngoma kati ya injini na boksi inayopeleka nguvu kwa oil). Watu wanashusha boksi, wananunua ya pili, na ile ya pili inafanya vilevile, hela imeenda na tatizo liko palepale. Inauma sana, hasa ukijua mwenye gari alikopa kununua hiyo boksi.

Kwanza ujue umefunga nini

Angalia kile kibati cha chasis, sehemu imeandikwa TRANS/AXLE, hapo utaona boksi ya kiwandani ilikuwa ipi. Kwenye hizi boksi za Toyota herufi ya mwisho inasema mengi. A42DL au A43DL ni ya haidroliki, inabadilisha gia yenyewe kwa presha ya oil na gavana iliyo mle ndani, haihitaji kompyuta kuamua gia. A340E ile E ya mwisho ni umeme, haina gavana, gia zinaamuliwa na kompyuta ambayo inasoma spidi ya gari na kanyagio la mafuta halafu inawasha na kuzima solenoidi (valvu ndogo za umeme). Kwaiyo kama umetoa ya L ukaweka ya E na hukuweka kompyuta yake na sensa zake, hakuna fundi atakayeiponya kwa kufungua boksi.

Kingine, A340E nyingi zina kebo inayotoka kwenye throtol ya injini (kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta) inaingia ubavuni mwa boksi, mafundi wanaiita kebo ya kikidauni. Kuna matoleo ya baadaye hayana hiyo kebo kabisa, presha yake inaongozwa na solenoidi. Ukinunua hiyo isiyo na kebo ukaiweka kwenye gari yenye kompyuta ya zamani, presha itakosa mtu wa kuiongoza. Hapo usihangaike na mengine, rudisha boksi ubadilishiwe, na bora hilo uliangalie ukiwa bado dukani.

Gari haiwaki ikiwa P, au inawaka hata ikiwa kwenye gia

Mara nyingi ni ile swichi ya ubavuni mwa boksi, inayoambia gari lever iko P au N. Wakati wa kubadilisha boksi inalegezwa au inakuja ya boksi mpya yenye plagi tofauti na fundi anaunga nyaya kwa kukisia. Weka lever N ujaribu kuwasha, ikiwaka N ikakataa P basi swichi imekaa upande, legeza bolti zake uisogeze kidogo hadi alama zake zilingane. Angalia na taa za rivasi, kama zinawaka ukiwa D au hazijui kuwaka kabisa, swichi ndo hiyohiyo.

Baada ya hapo angalia fimbo inayounganisha lever na boksi. Ikiwa ndefu au fupi kuliko inavyotakiwa, lever ya ndani ya gari inaonyesha D wakati boksi iko katikati ya N na D, valvu inafunguka nusu na klachi zinapata presha nusu. Hiyo inaua boksi taratibu na wewe unadhani ni swichi tu.

ANGALIZO: kama gari inawaka ikiwa kwenye D au R usiiendeshe hata kwenda dukani hadi irekebishwe. Na fundi akikuambia tuunganishe waya moja kwa moja tuipite swichi, kataa, hiyo inaua mtu aliyesimama mbele ya gari.

Haiendi mbele wala nyuma

Oil kwanza. Boksi kavu pamoja na konveta yake inachukua kama lita 7 hadi 8 kutegemea gari, wakati ukifungua nati ya sampo (karai la oil chini ya boksi) zinatoka kama lita 2 tu, sasa fundi aliyezoea kubadilisha oil anaweka lita 3 au 4 anaona imetosha. Pima hivi: gari imeshatembea na imepata moto, iko sehemu tambarare, injini inanguruma, pitisha lever P hadi L taratibu urudi P, chomoa dipstiki futa, rudisha, chomoa tena usome kwenye alama ya HOT. Ukipima injini imezimwa utadanganyika.

Kama oil iko sawa chungulia chini, shafti inayoenda tairi za nyuma inazunguka? Fimbo ya lever imeshika? Ile fimbo ikichomoka lever inacheza tu huku boksi iko N.

Hivyo vyote vikiwa sawa ndo tunaogopa kile kibaya chenyewe, konveta haikuingia mpaka mwisho. Konveta ikiingia vizuri unasikia inadumbukia hatua kwa hatua unavyoizungusha, mana inabidi ishike meno ya shafti za ndani na pia yale masikio ya pampu. Fundi mwenye haraka anasikia hatua mbili anaridhika, anapeleka boksi kwenye injini, inabaki upenyo, anaukaza kwa bolti hadi upotee. Hapo pampu imeshavunjika au konveta imeshakula uso wa pampu. Kabla ya kufunga unapima kwa rula toka ukingo wa nyumba ya boksi hadi sehemu bolti za konveta zinapokaa, kipimo kinategemea injini na kiko kwenye kitabu cha ufundi cha gari. Na boksi ikishagusana na injini, kabla hujakaza chochote, konveta lazima izunguke kwa mkono na iwe na nafasi kidogo kabla ya kufika kwenye flaiwili.

Kama uliona boksi imevutwa kwa bolti na sasa haiendi na kuna mlio wa kusaga, ZIMA, usiwashe tena kujaribu. Kila ukiwasha vyuma vinazunguka boksi nzima pamoja na rejeta. Hiyo ishushwe na fundi wa giaboksi, sio fundi wa kila kitu.

Inateleza, injini inapiga resi gari haiendi

Hapa nakaa kidogo mana ndo panapoua boksi nyingi kuliko mahali pengine.

Ile kebo ya kikidauni jina linadanganya watu, wanafikiri kazi yake ni kushusha gia ukikanyaga tu, kwaiyo wanaona hata isipokuwepo si mbaya. Kazi yake kubwa ni kuiambia boksi injini inasukuma kwa nguvu kiasi gani ili ipandishe presha ya oil inayobana klachi. Kebo ikiwa imelegea, wewe umekanyaga mafuta hadi mwisho na boksi bado inadhani unatembea taratibu, presha iko chini, klachi hazibanwi vizuri, zinateleza kidogo kidogo, zinaungua. Unaweza usisikie chochote siku za mwanzo. Gia zinaingia laini kweli, unafurahi, unasifia boksi, baada ya muda oil inakuwa nyeusi na boksi imeisha.

Kuiangalia hauhitaji mashine. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa IMEZIMWA, wewe uko kwenye bonati unaangalia kebo pale inapotoka kwenye gamba lake karibu na throtol. Kuna kipande kidogo cha chuma kimebanwa kwenye waya. Mafuta yakiwa yamekanyagwa mwisho, umbali kati ya hicho kipande na mdomo wa gamba uwe milimita 0 hadi 1, sio zaidi. Ukikuta milimita 5 au zaidi kebo imelegea, kuna nati mbili za kurekebishia, legeza moja kaza nyingine hadi upate. Na hakikisha throtol yenyewe inafunguka mwisho, mana kama waya wa mafuta umelegea utaseti kebo kwa kipimo cha uongo.

Shida ya hizi swap (kufunga boksi isiyo ya gari hiyo) ni kwamba mara nyingi kebo ya boksi mpya haifiki kwenye throtol ya injini ya zamani, au kile kipande cha duara inapozungukia ni cha ukubwa tofauti, kwaiyo kebo inavutwa kasi kuliko inavyotakiwa au pole pole. Nimeona kebo zimefungwa na waya wa bodi, zimefungiwa kwenye bomba, zingine zimekatwa kabisa. Tafuta kipande cha throtol kinachoendana na hiyo kebo, usikubali kitu cha kuungaunga hapa. Ikibana sana gia zinagonga kwa nguvu, huo ni usumbufu tu, ikilegea inaua.

Kebo ikiwa sawa na bado inateleza rudi kwenye oil, kiasi na aina. Angalia kitabu cha gari iliyotoa boksi, zile za zamani zinataka Dexron II au III, za baadaye Type T-IV. Usiweke oil ya Toyota ya WS eti kwa sababu ni ya kisasa na ya bei, ni nyepesi na boksi hii haikutengenezewa. Chungulia na sampo kwa chini, boksi za mtumba zinanyanyuliwa na jeki hovyo, sampo inabonyea kwenda juu inaziba chujio, pampu inavuta kwa shida.

Mwisho kabisa ndo klachi zenyewe. Fungua sampo uangalie sumaku zilizomo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoonekana kwa jicho, au vipande vyeusi vya klachi na oil inanuka kuungua, acha kuendesha, hakuna oil wala dawa ya chupa itakayorudisha hiyo. Na lile zoezi la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja kupima boksi, usilifanye nyumbani. Mwisho wake ni sekunde 5 na gari imewekewa vizuizi pande zote, vijana wanafanya nusu dakika wanaunguza klachi zilizokuwa nzima.

Unaweka D inachelewa, halafu inagonga

Oil ndogo tena ndo ya kwanza. Ya pili ni injini kuwa na resi juu ikiwa imesimama, rekebisha sailensi (hiyo resi ya kusimama) kwanza ndo ulalamikie boksi. Ya tatu ni mauntini (mpira unaoishikilia), ya boksi au ya injini, ikikatika boksi inaruka na unasikia kishindo hata kama gia imeingia vizuri, na kwenye swap ile krosimemba (chuma cha chini kinachobeba boksi) mara nyingi imetobolewa upya kwaiyo mauntini imekaa ikiwa imejikunja.

Pima muda: oil ina moto, toka N kwenda D hesabu hadi usikie imeshika, isizidi sekunde 1.2, N kwenda R isizidi 1.5. Kama asubuhi inachelewa sana na ikipata moto inakaa sawa, sili za mpira ndani zimekauka, boksi imekaa stoo muda mrefu bila oil. Hiyo ni kazi ya kufungua, ila haina dharura ya leo leo kama oil bado ni nyekundu safi.

Imeng'ang'ania gia moja, gari nzito kuondoka, taa ya O/D OFF inawaka na kuzima

Hii asilimia kubwa ni umeme (O/D ni overdrive, yaani gia ya nne). A340E ikikosa umeme kwenye solenoidi haisimami, inaenda na gia inazoweza bila kompyuta: ukiweka D inakuwa ya nne, ukiweka 2 inakuwa ya tatu, ukiweka L inakuwa ya kwanza. Kwaiyo mtu anaondoka na gia ya nne kwenye mlima anasema injini haina nguvu, wanabadilisha plagi, pampu ya mafuta, koili, bure.

Na hapo hapo ndo kuna kipimo kizuri kuliko vyote. Chomoa plagi ya solenoidi, endesha sehemu wazi ukianza L, kisha 2, kisha D. Ukisikia ya kwanza, ya tatu na ya nne zinaingia safi bila kuteleza, boksi yako nzima, tatizo ni waya, sensa au kompyuta. Usirudishe lever toka D kwenda L ukiwa kwenye mwendo, itakamata vibaya.

Halafu soma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta. Kwenye kile kiboksi cha diagnosi unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ya O/D iwe ON, washa switch bila kuwasha injini, hesabu taa ya O/D OFF inavyopepesa. 42 ni sensa ya spidi namba 1, 61 ni sensa ya spidi namba 2 ile ya mkiani mwa boksi, 62 na 63 ni solenoidi namba 1 na 2, 64 ni ya lokapu (ile inayofunga konveta ili injini na boksi zizunguke pamoja). Solenoidi pima kwa mita, iwe kati ya omu 11 na 15 ikiwa ya baridi. Ikisoma sawa kwenye boksi lakini kodi inarudi, fuata waya hadi kwenye kompyuta, mahali palipoungwa na kufungwa tepu ndo pa kuanzia, na ethi ya injini iangaliwe. Kodi 61 kwenye swap mara nyingi waya wake haujaunganishwa kabisa, mana boksi ya zamani haikuwa na hiyo sensa.

Usijaribu kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye pini hujui ni ya nini. Kama hauna mchoro wa nyaya wa kompyuta uliyofunga, mtafute fundi umeme mwenye nao. Kuunguza kompyuta ni sekunde moja.

Gia zinaingia mapema sana au zinachelewa

Sensa ya throtol. Kompyuta inaitegemea kujua umekanyaga kiasi gani. Pima waya wa VTA (unaopeleka kipimo cha hiyo sensa), mafuta yakiwa yameachwa iwe chini ya volti 1, unavyokanyaga ipande taratibu bila kurukaruka hadi ipite 3. Injini nyingi za zamani zilikuwa na swichi tu pale, sio sensa yenye kipimo, na hapo kompyuta ya A340E inabaki kukisia. Kama kishale cha spidi kinadanganya, ni kile kijigia cha plastiki cha spidi mita, kiendane na difu yako na sio ya gari iliyotoa boksi.

Haiingii gia ya nne, au lokapu haishiki

Hii naipenda mana jibu lake ni rahisi na watu wanalikosa. Kompyuta inazuia gia ya nne na lokapu hadi maji ya injini yapate moto. Sasa huku kwetu mafundi wana tabia ya kutoa themostati eti gari isichemshe, injini inatembea baridi muda wote, hasa barabara kuu usiku au sehemu za baridi kama Iringa na Limuru, na kompyuta inasubiri moto ambao hauji. Rudisha themostati. Halafu angalia sensa ya joto ya maji, swichi ya O/D kwenye lever, na swichi ya taa za breki, mana kompyuta ikiona breki imekanyagwa inaachia lokapu. Swichi ya breki iliyoganda unaijua kwa taa za nyuma kuwaka muda wote.

Kinyume chake, kama injini inazima ukisimama kwenye mataa kama gari ya manyo uliyosahau kukanyaga klachi, lokapu imeganda. Chomoa plagi ya solenoidi, ikiacha kuzima ni umeme, ikiendelea ni valvu ndani au konveta.

Inavuja mbele, inatetemeka, inagonga chini

Oil ikidondoka kati ya injini na boksi ni sili ya pampu, lakini uliza kwanini imekufa. Kuna vipini viwili vya kulenganisha boksi na injini, wakati wa kushusha vinabaki kwenye boksi ya zamani na fundi anafunga mpya bila hivyo, boksi inakaa pembeni kidogo, bushi ya pampu inaliwa, sili inavuja tena mwezi ujao. Mlio wa kugonga kama beringi za injini zimekufa, kaza kwanza bolti 6 za konveta na uchungulie flaiwili kama ina ufa, kabla mtu hajakushawishi kufungua injini. Mtetemo kuanzia spidi 60 au 80 ni propela shafti, A340E haina urefu sawa na ile uliyotoa, ikikatwa lazima ibalansiwe kwenye mashine na sio kwa macho.

Oil ikigeuka ya pinki yenye povu, rejeta imepasuka ndani na maji yameingia kwenye boksi. Usiendeshe hata mtaa mmoja. Rejeta ibadilishwe, mabomba yasafishwe, boksi ifunguliwe, mana gundi ya klachi inaachia kwa maji. Hata bila maji, kama boksi ya kwanza ilikufa na vyuma, ile takataka iko kwenye kipoza oil cha rejeta inasubiri kuingia kwenye mpya, kisafishe kabla ya kufunga, au weka kipya.

Na gari ikikwama njiani usikubali ivutwe kwa kamba huku tairi za nyuma ziko chini, pampu ya boksi inazungushwa na injini tu, injini ikizima hakuna oil inayopita na beringi zinakauka. Mwambie wa brekidauni anyanyue nyuma au apakie yote, akishindwa fungua bolti 4 za shafti pale kwenye difu, uifunge juu vizuri isiburuzike, ndo mwende.